Sifuri Kumi na Moja

Tukuyu, Juni. Baridi imeingia ofisini bila kubisha hodi,
imekaa juu ya diski ya mtandao
yenye taa moja ya njano inayopepesa
kama jicho lililoingiwa na mchanga.

Mashine imeniandikia kwa adabu zote:
nakala yako haiaminiki tena;
kwa usalama wako ifutwe, tuanze upya.

Upya! Miaka ishirini na sita ya mvua,
kila asubuhi saa tatu kamili
Bi Subilaga Mwakalukwa na koti lake la kazini
akiinama kwenye kipimo nyuma ya kiwanda cha chai,
akisoma mstari wa maji kwa jicho moja,
akiandika kwa penseli, kwa sababu wino
hulia ukiguswa na unyevu.

Madaftari yenyewe yalikwisha kuliwa na ukungu.
Kompyuta iliyoyanakili ilipigwa na radi mwezi Machi.
Kilichobaki ni hiki kisanduku cheusi chini ya meza,
na ndani yake gunia la vipande elfu tisa,
kimojawapo kimeoza.

Nimezaliwa Isyonje, kwenye viazi.
Najua gunia halitupwi kabla halijamwagwa.
Unatandika turubai, unamimina,
unapitisha mkono, unanusa,
kinachobonyea unakiweka kando,
na mama hakuwahi kuniambia kwa usalama wako.

Basi nikatandika turubai:
kwanza nikanakili ubovu wenyewe, wote, kama ulivyo,
maana fundi anayetibu bila nakala
ni kinyozi wa gizani.
Kisha nikalitafuta lile faili dogo
ambamo mashine imeandika “mbovu”,
nikafuta neno. Neno tu.
Nikafunga mtandao, watu wa mishahara wakanuna,
nikaamuru ukaguzi.

Asilimia nne.
Nikanywa chai.
Asilimia nne.
Ambwene wa lindo akaniletea ndizi za kuchoma na swali:
“Kwani inafikiri nini humo?”
Inahesabu, nikamwambia.
“Mbona sisi tukihesabu polepole tunafukuzwa?”

Saa nane usiku umeme ukakatika.
Betri ikapiga yowe, ikashika,
dakika kumi na mbili nimeikodolea macho
kana kwamba macho nayo ni waya.
Ukarudi.
Asilimia sitini na moja.

Kulipopambazuka ilikuwa imepona.
Nikafungua, mvua zikaanza kushuka kwenye skrini,
mwaka juu ya mwaka, milimita na nukta zake,
masika ya harusi yangu, vuli iliyochelewa,
hadi Aprili ya ule mwaka wa maji mengi,
tarehe nane mpaka kumi na nane:
sifuri, sifuri, sifuri,

kumi na moja. Palipooza mashine ilijaza sifuri
kama anayeziba jino kwa chokaa.
Siku kumi na moja kavu, Aprili, Tukuyu!
Hata mbuzi wa hapa wangecheka.

Nikampigia Bi Subilaga, yuko Katumba,
yuko jikoni, nasikia mfuniko wa sufuria.
“Ilinyesha,” akasema. “Daraja lilikwenda.”
Milimita ngapi, mama?
Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.
“Sikuwahi kukisia nikiwa na macho mazuri,
nije nikisie leo?”

Nikazifuta sifuri, moja moja.
Sifuri ni neno la aliyekwenda akatazama, akakuta pakavu.
Pengo ni la aliyekwenda, akaona, akaandika,
tukapoteza sisi.
Mashine ikalalamika: visanduku kumi na moja vitupu, nijaze?
Nikabonyeza: acha.

Saa tatu kasoro. Manyunyu yameanza kuchezea bati.
Kijana mpya wa kipimo anapita dirishani,
penseli sikioni, hana haraka,
nami niko magotini chini ya meza
nachomeka diski ya pili.